Mbwa Niliokataa Kuwatoa

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, mzee mmoja aligonga geti langu kule Kihonda akaulizia mbwa. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Ndugu zangu, mlioingia kikundini mwezi huu hamnijui, basi niwaambie mapema: mimi ni mtunza stoo kiwandani, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mtu wa stoo haamini kitu mpaka akione kwenye karatasi. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa simu. Kuchoma sindano nilijifunza kwa kuchoma machungwa.

Mwenyekiti ameniomba niwasimulie yaliyonipata, bila kumtaja mtu jina. Langu mnalijua, hilo linatosha.

Kazi ya kikundi hiki nyote mnaifahamu. Mbwa akiokotwa barabarani, au wenye nyumba wakihama na kumwacha, mmoja wetu anamlea nyumbani mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Tunamwogesha, tunampa dawa ya minyoo, tunamzoesha watu. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kwenye kampeni za serikali. Lakini chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, ni ghali, na huagizwa Dar es Salaam ikaja kwenye barafu. Kwa hiyo utaratibu wetu wa wakati ule ulikuwa kwamba mbwa achanjwe siku anayoondoka, na anayemchukua achangie nusu. Utaratibu huo niliupendekeza mimi. Kwenye karatasi ulipendeza sana, kwa sababu ulidhani kwamba mbwa wanaondoka.

Kwangu walikuwa hawaondoki.

Mume wangu alikwisha kufariki, watoto wamepata kazi mikoani, na nyumba ina vyumba vinne. Mbwa wa kwanza nilipewa nimlee wiki sita. Nilikuwa siwapi majina, nawapa namba, maana nilisoma mahali kwamba mlezi akimpa mbwa jina atashindwa kumtoa. Nawaambieni ukweli, namba haikunisaidia chochote. Niliwapenda kwa namba zao.

Basi nikatengeneza fomu. Anayetaka mbwa ajibu maswali. Nilianza na manane, niliyoyatoa kwenye mtandao, yameandikwa na watu wa nchi nyingine wanaoishi kwenye nyumba zenye mazulia. Halafu kila alipotokea mtu wa kuyajibu yote vizuri, nikawa naongeza. Alikuja mhadhiri mmoja, nyumba ina ukuta, mkewe anapenda mbwa, akapata yote kumi na manne. Jioni niliongeza la kumi na tano: unasafiri mara ngapi kwa mwaka? Nikampigia simu kumuuliza. Akasema mara nne. Akaanguka.

Msicheke sana. Mwaka ule walikuja watu kumi na watatu, na wote niliwaangusha. Kufikia Jumamosi hiyo fomu ilikuwa na maswali ishirini na mawili, na uani kwangu kulikuwa na mbwa kumi na mmoja. Nyinyi, kwenye taarifa ya mwezi, nilikuwa nawaandikia watano.

Sasa yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia sokoni kwamba hapa kuna mama anagawa mbwa."

"Sigawi, mzee. Nawatafutia makazi."

"Basi mimi makazi ninayo, natafuta mbwa. Si tumekutana?"

Alikuwa Mluguru wa huko juu ya Mlali, mlimani, analima mahindi na maharage. Mchana anapambana na nyani, usiku nguruwe pori. Mkewe magoti hayamruhusu tena kupanda shambani, kwa hiyo analinda peke yake. Wakati anaeleza hayo, Namba Saba alikuja akakalia kiatu chake.

Saba alikuwa jike mwekundu wa miezi minane. Aligongwa na pikipiki akiwa mdogo, mguu wa nyuma wa kushoto ukaunga vibaya, akawa anachechemea. Wanaume alikuwa hawakaribii kabisa. Bwana mifugo mwenyewe akija, Saba alijificha nyuma ya tangi. Sasa amekalia kiatu cha mgeni, anatazama geti kama vile safari imeshapangwa.

"Huyu," mzee akasema. "Huyu ananitosha."

Nikaleta fomu.

"Una uzio?"

"Uzio wa nini, mwanangu? Kule ni mlima."

"Mbwa atalala wapi?"

"Nitakapolala mimi. Kwenye dungu la kulindia mazao, kule juu shambani."

"Dungu lina mlango?"

Akanitazama. Jirani yangu alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta, na masikio yake ni mazuri. Akapaza sauti: "Mpe mzee wa watu mbwa, wewe Mama Mbwa! Unamhoji kama amekuja kuposa? Mimi mwenyewe sikuulizwa hayo nilipoolewa!"

Mzee akacheka. Mimi sikucheka. Niliendelea mpaka swali la ishirini na mbili, nikajumlisha.

"Umepata tisa, mzee wangu."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi nimefeli." Akatikisa kichwa. "Hata shule sikufeli hivi, maana sikwenda. Kilichoniangusha zaidi ni nini?"

"Uzio."

"Na nikijenga?"

"Ukijenga, njoo."

Ndugu zangu, neno hilo nililisema kama unavyomwambia mtu unayetaka aondoke. Nilijua mlimani watu hawazungushii uzio, na nilijua mianzi inavyokatwa kwa jasho. Mzee akainama, akamwambia Saba maneno ya Kiluguru, akautoa mguu wake taratibu chini ya yule mbwa, akaenda zake. Saba alikaa getini mpaka saa saba. Hilo nalo niliandika.

Baada ya siku kumi na moja, Jumatano asubuhi, nilikuta kiroba kimeachwa getini. Ndani vitoto vya mbwa vitatu, havijafika miezi miwili, macho yana tongo. Nilifuata kitabu. Niliviweka stoo ya nyuma peke yao, nikatenga ndala za kuingilia stoo na kanga ya kuingilia stoo, vyombo vyao nikavitia alama ya rangi nyekundu. Niliridhika na kazi yangu.

Lakini kulikuwa na maji. Wa Kihonda mnajua, kwetu bomba linatoka mara mbili kwa wiki. Mtu aliyekulia kwenye mgao wa maji huosha vyombo vyote kwenye beseni moja, kuanzia kisafi mpaka kichafu, na yale maji hayamwagwi, yanapiga deki. Sikuwahi kufundishwa hivyo na mtu. Ni mkono tu, unajua wenyewe. Basi bakuli zile zenye alama nyekundu niliziosha za mwisho, kama ipasavyo, na maji yake nikapigia deki baraza wanapolala wale kumi na mmoja.

Siku tatu nilifanya hivyo. Kitabu kilikuwa kwenye rafu.

Ijumaa kitoto cha kwanza kilitapika. Jumamosi vyote vitatu vilikuwa vinahara damu, na harufu ile, aliyewahi kuinusa haisahau. Jumapili mchana vilikuwa vimekufa. Nikamwita bwana mifugo, akatazama, akaniuliza wale wakubwa wamechanjwa lini.

"Huchanjwa wakiondoka," nikasema.

"Na wanaondoka lini?"

Akavua glovu.

"Basi tusubiri, mama. Hesabu siku tano, saba."

"Dawa yake ni ipi?"

"Haina."

"Haipo Morogoro, au haipo?"

"Haipo. Utampa maji kwa mshipa, utampa dawa ya kuzuia kutapika, utampa antibayotiki ili vijidudu vingine visimwingilie. Kirusi chenyewe hakina dawa. Mbwa atapigana mwenyewe. Wewe utakuwa unatazama."

Nimekumbuka neno hilo mara nyingi. Utakuwa unatazama.

Jumanne alianza Namba Kumi. Jumanne hiyo hiyo jioni Namba Nane na Namba Kumi na Moja. Jumatano asubuhi niliweka nyama mbele ya Saba, akaitazama, akageuza uso kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Niliomba ruhusa kazini. Nikafunga kamba za kuanikia nguo sebuleni, nikatundika dripu nne. Nilichukua daftari nikachora safu: saa, joto, kutapika, kuhara, maji yaliyoingia. Kila baada ya saa moja nilijaza. Nilijaza vizuri sana. Mtu akilitazama daftari lile leo anaweza kudhani kuna kitu nilikuwa nafanya.

Sikiliza, wewe uliyejiunga mwezi huu. Nimesoma vitabu sita vya mifugo. Najua jina la kila mshipa wa mguu wa mbwa. Na nilikaa chini kwenye sakafu ya sebule yangu nikishika mguu wa Namba Nane mpaka ukapoa, nikiwa na vitabu vyote sita kwenye rafu. Namba Kumi akafuata baada ya saa mbili. Hakuna nilichokosea siku hiyo. Dozi zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonivunja, kwamba nilikuwa sahihi na wanakufa.

Jirani yangu, yule wa kuanika nguo, alikuja mpaka getini na ndoo mbili. Yeye ni Mwislamu, mbwa hawagusi.

"Mimi kwa mbwa wako siingii, nina swala zangu," akasema. "Lakini maji nitakuletea mpaka uchoke. Mwaga yote. Nasema mwaga, usiyaweke!"

"Kisima ni mbali, dada."

"Nimekuuliza umbali?"

Alileta ndoo kumi na nne siku ile. Maji ya kumwaga. Nilikuwa namwaga nalia, kwa sababu ndoo moja tu kati ya hizo, wiki moja nyuma, ingetosha.

Alhamisi saa sita na nusu mchana geti likagongwa tena. Yule mzee. Suruali ina udongo mpaka magotini, mikono imechanwachanwa.

"Mwanangu, nimejenga," akasema.

Nilimfungulia geti nusu.

"Shamba zima sikuweza, nisikudanganye. Nimezungushia nyumba. Mianzi, imesimama vizuri, hata kuku hapiti. Nikasema labda hata nusu maksi utanipa." Halafu akanitazama nguo. "Kuna nini?"

Nikamwambia kuna ugonjwa. Nikamwambia Saba anaumwa. Hakuuliza kama anaweza kuingia, akavua viatu mlangoni kama anaingia kwa watu, akaja mpaka sebuleni. Saba alikuwa amelala kwenye gunia chini ya dripu ya tatu. Alipoisikia sauti ya mzee, mkia ulipiga sakafu mara mbili. Kwangu mimi, tangu asubuhi, haukuwa umepiga hata mara moja.

Mzee akakaa chini, akanyoosha miguu, akaweka kichwa cha Saba juu ya paja lake. Tulikaa. Nikamweleza ugonjwa ni nini na unaingiaje. Nilieleza kama kitabu, kwa sababu nilikuwa naogopa kunyamaza. Nikafika kwenye chanjo, nikanyamaza.

"Kumbe ina chanjo?" akauliza.

"Ipo."

"Huyu hakuchanjwa?"

"Huchanjwa siku anayoondoka."

Akafikiri. Niliona anahesabu siku nyuma, hesabu ile ile niliyokuwa nimeihesabu mimi tangu Jumapili. Angeondoka naye Jumamosi ile. Angechanjwa, na angekuwa mlimani, mbali na kiroba, mbali na beseni langu. Mzee alifika mwisho wa hesabu yake, nikaona amefika. Ndugu zangu, angenitukana ningemshukuru. Alipitisha mkono kwenye masikio ya Saba tu, huku na huku, na vidole vile vilivyochanwa na mianzi.

Saba alikufa saa kumi kasoro robo alasiri. Mstari wa mwisho wa daftari sikuujaza.

Mzee ndiye aliyechimba. Aliomba jembe, akachimba kwenye kona ya ukuta, akaenda chini zaidi ya nilivyotarajia. "Fisi hawapo mjini," nikamwambia. Akasema, "Sichimbi kwa ajili ya fisi." Alipomaliza akanawa, akakaa kwenye ngazi, akaniuliza swali moja.

"Hawa waliobaki, mwanangu, unao kwa ajili yao au kwa ajili yako?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu bei ya kitu. Mimi niliyekuwa na maswali ishirini na mawili nikakosa jibu la moja. Nilisema, "Sijui, mzee." Hapo alipoondoka kuwahi usafiri wa Mlali, nikachukua simu nikampigia mwenyekiti, nikamwambia: nina mbwa kumi na mmoja, siyo watano. Yaani walikuwa kumi na mmoja. Nimewaandikia uongo miezi kumi na sita. Wanakufa na siwezi.

Hilo neno "siwezi" sijui kama niliwahi kulisema tangu nizaliwe.

Nilitegemea kufukuzwa. Akasema, "Funga geti, asitoke mbwa hata mmoja. Tunakuja." Akakata.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani mlipokuja mliwaponya. Hamkuwaponya. Namba Kumi na Moja alikufa mikononi mwa mmoja wenu Ijumaa asubuhi, na Namba Tisa Jumamosi, na huyo Tisa tulidhani ameshavuka, alikunywa mchuzi kwa ulimi wake mwenyewe, tukashangilia. Tulivyoshangilia vile, mpaka leo nikikumbuka najisikia aibu, sijui kwa nini. Mlitazama kama nilivyotazama mimi. Tofauti ni kwamba tulikuwa wengi tunaotazama, na mtu akisinzia mwingine alibadilisha chupa ya dripu. Kwenye wale kumi na mmoja walikufa watano, na vile vitoto vitatu, wanane. Sita walibaki, wakubwa karibu wote, ambao miili yao ilikuwa na nguvu ya kupigana. Siyo mimi niliyewapigania. Bwana mifugo alisema ukweli.

Tulikaa na geti limefungwa wiki sita, tunamwaga klorini. Kisha wote sita wakachanjwa, na ndani ya miezi miwili wote wakaondoka. Sikuchukua fomu. Nilikwenda kuona nyumba kwa macho, nikamtazama mtu anavyomshika mbwa, nikarudi. Mhadhiri nilimpigia simu kuomba radhi. Alikuwa na haki ya kukata, lakini akamchukua Namba Nne, na akisafiri, mbwa hukaa na shemeji yake. Kila aliyeondoka nililia siku mbili, tatu. Bado nalia. Sijapona hapo, nisiwadanganye, ila sasa nalia mbwa akiwa ameshaondoka.

Mzee wa Mlali nilimfuata mwenyewe, na Namba Mbili kwenye kamba. Namba Mbili ni dume, jicho moja, sikio moja limeliwa, hakuna aliyewahi kumwulizia. Nilimwambia mzee kwamba sikuja kulipa, kwa sababu kile hakilipiki. Uzio niliuona. Umesukwa vizuri, mianzi imekazwa kwa kamba za miti, na ndani walikuwa wanazunguka mbuzi wawili tu. Mkewe alitoka kwenye kizingiti, ameshika ukuta, akamtazama yule mbwa kwa muda.

"Mbaya," akasema.

"Nyani nao si wazuri," mzee akajibu.

Amempa jina Shauriyao. Akimwita kutoka kwenye dungu, mlima mzima unasikia, na anasema nyani wanajua wanaambiwa wao.

Nashukuru. Nimshukuru jirani yangu kwa ndoo zake, ambazo hata leo hataki nizitaje. Bwana mifugo, kwa kuniambia haina dawa pale ambapo mwingine angeniuzia kitu. Mwenyekiti na nyinyi mliokuja Alhamisi ile na madumu ya klorini, mkaingia kwenye nyumba ya mtu aliyewadanganya bila kuniuliza kwa nini, mpaka nilipokuwa tayari kuwaeleza. Na mzee, ambaye hayupo hapa, na angekuwepo angesema tumalize upesi akawahi shambani.

Mnajua utaratibu umebadilika: mbwa huchanjwa siku anayoingia, na kikundi kinalipa. Ninalotaka kuwaachia siyo hilo, hilo limeandikwa. Ni hili: siku utakapojikuta unatafuta kasoro kwa kila anayekuja kumchukua mbwa wako, usijiamini. Tupigie. Utasema unamlinda. Mimi nilisema hivyo miezi kumi na sita, na nilikuwa na karatasi za kuthibitisha.

Kuna watakaouliza gharama, na ni haki yao. Dripu, dawa, klorini, nauli za bwana mifugo na siku nilizokatwa mshahara, jumla yake ilikuwa shilingi laki sita na elfu arobaini na mbili. Chanjo ya Saba ingekuwa shilingi elfu ishirini na tano.